Barua pepe ndani ya kivinjari? Kwanza niambie kompyuta ni ya nani

Nina steshenari ndogo Mwanjelwa, hapa Mbeya. Mwanzoni nilikuwa na kompyuta moja tu, ya wateja na ya kwangu humohumo.

Nilikuwa nimeanza kutumia Vivaldi, kivinjari chenye programu ya barua pepe humohumo ndani, iliyokamilika rasmi mwaka 2022, na nilikipenda mno. Bando langu lina tabia ya kukata pale foleni ya wateja inapokuwa ndefu. Likikata, barua zimo kwenye mashine: oda ya kadi za harusi, ankara ya wino, faili la mteja wa Uyole. Natafuta, nafungua, naprinti, mtu anaondoka na karatasi zake. Ningekuwa nazifungulia kwenye tovuti, tungekaa wote tunatazama kiduara kinazunguka.

Siku moja akaja kijana kutuma maombi ya kazi ya ulinzi. Nikampisha kiti, nikageukia kitambulisho cha mama mmoja kilichotaka lamineti. Baada ya dakika kumi nasikia, "Dada, tayari, imeenda." Imeenda kweli, ila kutoka anwani yangu. Aliona pembeni pana mahali pa kuandika barua, akaandika, akaambatisha cheti cha kidato cha nne, akatuma. Hakuombwa pasiwedi, angejuaje kwamba ni kwangu? Tulicheka. Kisha mimi nikanyamaza, maana kwa dakika zote hizo barua za wateja wangu zilikuwa wazi mbele yake.

Kwa hiyo kompyuta inayoguswa na watu wengi, zima sehemu ya barua. Kama huna nyingine, tengeneza akaunti yako ya Windows yenye pasiwedi, na uifunge kila unapoinuka, hata ukienda kuchukua chai tu.

Kompyuta ya kwako peke yako, iwashe hiyo sehemu ya barua. Laptopu niliyonunua baadaye ina RAM ya 4GB. Nikifungua kivinjari na programu ya barua kwa pamoja inakoroma, kwa hiyo kimoja kinachofanya yote mawili kinanifaa. Ukiulizwa POP au IMAP, yaani njia mbili za kupokea barua, chagua IMAP, barua ibaki kwenye seva (kompyuta ya kampuni ya barua) na wewe uwe na nakala. POP inaweza kuzishusha na kuzifuta kule, halafu laptopu ikiibwa zimekwenda nayo. Angalia pia kama programu inashusha barua nzima au vichwa tu. Zima data, fungua barua ya mwezi uliopita yenye kiambatisho. Ikigoma, rudi kwenye mipangilio.

Wapo wanaosema kivinjari kibaki kivinjari. Mozilla walikwenda njia hiyo, kivinjari cha Firefox huku na Thunderbird ya barua kule, na Opera nao wakaitoa barua kwenye kivinjari chao mwaka 2013. Sina ugomvi nao. Ila Netscape, kivinjari cha zamani, ilikuwa na barua ndani tangu miaka ya 1990, kwa hiyo tusiiite mzigo mpya. Waiweke, lakini ilale mpaka mwenye mashine aiamshe mwenyewe.

Yule kijana, wito wake wa usaili ulikuja kwangu wiki mbili baadaye. Nilimpata kwa sababu alibaki na deni la shilingi mia tano, na namba yake ilikuwa kwenye daftari.