Vitamini D imeshuka: je, ndiyo iliyoninenepesha?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 43, mhasibu, ninaishi Dodoma na nina kilo 96. Mwezi uliopita nilipimwa damu nikaambiwa kiwango changu cha vitamini D ni nanogramu 14 tu kwa mililita, nikashangaa, kwa kuwa jua la huku halina mchezo. Dada yangu aliye ughaibuni amenitumia kopo la vidonge vya yuniti 5,000 na kunihakikishia kwamba nikimeza kimoja kila siku, mafuta ya tumboni yatayeyuka. Je, ni kweli? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Marahaba, mama. Dada yako hajakosea kuhusisha unene na upungufu wa vitamini D, kwani mara nyingi huonekana pamoja. Kosa lake ni kugeuza matokeo kuwa chanzo.

Vitamini hii huyeyuka katika mafuta. Ngozi huitengeneza kwa msaada wa miale ya urujuanimno ya jua, ini huibadili kuwa ile inayopimwa maabara, na figo huikamilisha iwe homoni. Mwili wenye mafuta mengi huitawanya na kuihifadhi humo, kama kijiko kimoja cha chumvi kinavyokolea katika sufuria ya wali wa nyumbani lakini kisisikike kabisa katika sufuria la pilau la harusi. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani waliwamulika miale hiyo watu wanene na wasio wanene, wakaona kwamba vitamini D katika damu ya wanene ilipanda kwa asilimia 57 pungufu ya wenzao, ingawa malighafi iliyokuwamo ngozini haikutofautiana sana.

Ni kweli kwamba seli ya mafuta si ghala tu, kwani ina vipokezi vya homoni hiyo. Katika seli za panya zilizokuzwa maabara, homoni hiyo ilizuia seli changa zisikomae kuwa seli za mafuta, na nadhani hapo ndipo wauza vidonge walipopata maneno. Hata hivyo, seli changa za binadamu zilipojaribiwa zilikomaa zaidi, na panya waliozaliwa bila vipokezi hivyo walikuwa wembamba. Ingekuwa kukosa vitamini D ndiko kunakonenepesha, panya hao wangekuwa mapipa.

Uchambuzi wa jeni za watu wapatao 42,000, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba uwiano wa uzito na urefu ukiongezeka kwa asilimia 10, vitamini D hushuka kwa asilimia 4 hivi, ilhali jeni zinazoshusha vitamini D hazikuonekana kuongeza uzito.

Kuhusu jua, mama, swali ni linakufikia wapi. Kioo cha dirisha la ofisi hupitisha mwanga na joto lakini huzuia karibu miale yote inayotengeneza vitamini hiyo. Wamasai na Wahadzabe waliopimwa hapa Tanzania, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, walikuwa na wastani wa nanogramu 46 hivi, zaidi ya mara tatu ya kiwango chako, nao hushinda nje.

Nanogramu 14 ni upungufu unaostahili kutibiwa kwa ajili ya mifupa na misuli yako, na mtu mnene huenda akahitaji dozi mara mbili au tatu ya ile ya mwembamba. Lakini yuniti 5,000 kila siku zimepita kikomo cha 4,000 kinachoshauriwa kwa mtu mzima asiye chini ya uangalizi wa daktari, na ikizidi mno vitamini hii hupandisha kalisi katika damu na kuweza kudhuru figo. Kwa hiyo lipeleke kopo hilo kwa daktari aliyekupima, umwombe apime kalisi na figo kabla ya kukupangia dozi, uimeze pamoja na mlo wenye mafuta kidogo, kisha urudi kupimwa baada ya miezi mitatu. Suala la uzito mlizungumze siku hiyohiyo, ila kwa mpango wake wenyewe wa chakula na mazoezi.