Usiruke wimbo kabla ya upande wa pili

Mdau aliyeanzisha mada anasema tangu amalize shule anasikiliza gengetone, ile rap ya vijana wa Nairobi, na amapiano, muziki wa dansi wa Afrika Kusini, basi, na sasa masikio yamekinai. Amejaribu rumba, benga, taarab na hata muziki wa okestra, lakini dakika ya pili haijaisha keshauruka wimbo. Anauliza: ni umri, au kuna muziki ambao lazima mtu azaliwe nao?

Mimi ni fundi wa nguo, kibanda changu kiko Kenyatta Market, Nairobi, na kazi hii inaniruhusu kusikiliza muziki kutwa nzima mikono ikiwa kwenye cherehani. Nilikulia Eastlands wakati matatu zote zilipiga genge na kapuka, nyimbo za studio za Calif na Ogopa, na bado nazipenda. Lakini benga ya Wajaluo naipenda vilevile, na Kijaluo sikijui. Kwa hiyo kuzaliwa nao si lazima, na umri hauhusiki. Ninavyoona mimi, mdau, kila muziki huweka utamu wake mahali pake, na wewe unautafuta pale gengetone inapouweka.

Gengetone hukupa kila kitu mlangoni. Mdundo unaanza, kiitikio kinaingia papo hapo, na abiria anayeshuka kituo kinachofuata ameshapata chake. Ni ufundi halali kabisa, na ndio uliowabeba vijana wa kundi la Ethic walipolipuka 2018. Ila angalia huo muziki wako wa pili. Amapiano inachelewa! Inaanza na kinanda na njuga, inazunguka taratibu muda mrefu kabla ya ile besi nzito kushuka, na wewe unaisubiri bila kulalamika kwa sababu unajua inakuja. Subira unayo tayari. Usichojua ni unachokisubiri kwenye rumba.

Rumba ya Nairobi basi. Miaka ya 1970 mji huu ulijaa wanamuziki kutoka Kongo: Baba Gaston, Super Mazembe, halafu Les Mangelepa waliojitenga na Baba Gaston 1976. Kutoka Tanga walikuja ndugu wa Simba Wanyika, na ndani ya bendi hiyo wakatoka Les Wanyika 1978. Nyimbo zao ziliuzwa kwenye santuri ndogo za inchi 7, na santuri hizo hubeba dakika chache tu kila upande. Wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Kwa kawaida sehemu ya kwanza waimbaji wanakusimulia kisa, mapenzi, deni, fitina. Sehemu ya pili maneno yanapungua, gitaa la solo linashika usukani, ngoma zinabadilika, na hapo ndipo watu walipoinuka kucheza. Hiyo ndiyo sebene. Sasa wewe ukiruka dakika ya pili hujausikia wimbo, umesikia kisa kikianza tu. Sokoni kwetu kuna kibanda cha santuri kuukuu, na wateja wa makamo wakitaka kuijaribu moja kabla ya kulipa, mara nyingi wanaomba igeuzwe kwanza.

Kwa Les Wanyika nitakuongezea kitu kimoja. Usisikilize magitaa yote kwa pamoja. Fuata gitaa la besi la Tom Malanga peke yake mpaka wimbo uishe, kisha urudie ukifuata gitaa la ridhimu la Professor Omar Shabani. Utagundua wanajibizana, na kwamba solo linaloonekana kuwa mfalme limekaa juu ya mazungumzo ya hao wawili.

Benga nilifundishwa na mzee mmoja wa Siaya anayeshona suti kibanda cha pili kutoka kwangu. Alikuwa akisikiliza nyimbo za bendi ya Shirati Jazz tangu asubuhi, na siku moja nikamuuliza, "Mzee, mbona nyimbo zote ni moja?" Hakukasirika. Akasimamisha mashine yake, akaniambia, "Mama, wewe unamsikiliza mwimbaji. Mwache kwanza. Sikiliza gitaa linavyomjibu kila akinyamaza." Akanieleza kwamba wapiga benga wa mwanzo walichukua gitaa wakalipiga kama nyatiti, ile ala ya nyuzi nane ya Wajaluo, ambayo mpigaji hudonoa nyuzi moja moja huku akigonga mti wake kwa pete ya chuma iliyo kwenye kidole cha mguu na njuga zikilia mguuni. Baada ya kujua hilo, sikuisikia benga tena vile nilivyoisikia awali. Ile besi inayorukaruka bila kutulia, ule udonoaji usiopumzika wa solo, vyote vikapata sababu. Na benga nayo ina kilele chake: beti zikiisha waimbaji wanaachia nafasi, magitaa yanakimbia, na mtu aliyesubiri analipwa.

Kuhusu lugha, huyohuyo mzee alinitoa hofu. Nyimbo nyingi za benga zimejaa majina ya watu: marafiki, wapenzi, mfadhili aliyeisaidia bendi, mtu wa kijiji fulani anayesifiwa yeye na ukoo wake. Jina halihitaji tafsiri. Huwa namuuliza, huyu anayetajwa hapa ni nani? Ananisimulia, na wimbo unakuwa na mtu ndani yake. D.O. Misiani mwenyewe, kiongozi wa Shirati Jazz hadi alipofariki 2006, alizaliwa Shirati upande wa Tanzania, na mzee wangu anamzungumzia kama jirani aliyehama juzi. Nakushauri sana utafute mtu wa aina hii. Hakuna programu ya simu inayoweza kufanya kazi yake, maana programu hukurudishia kinachofanana na ulichosikiliza jana.

Taarab ni kinyume kabisa, na nadhani ndiyo iliyokushinda zaidi. Huku ukifuata besi utapotea. Ala za nyuzi, yaani kanuni, udi na fidla, zinakuandalia kiti kwa muda mrefu, lakini mgeni anayesubiriwa ni shairi. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alipokwenda Bombay 1928 kurekodi, jambo kubwa lilikuwa kwamba aliimba kwa Kiswahili muziki ambao ikulu ya Zanzibar iliuzoea kwa Kiarabu. Utamu uko kwenye fumbo: nani anasemwa, nani anajibiwa, na kwa nini mama aliyekuwa ametulia ameinuka ghafla kwenda kumtunza mwimbaji kwa pesa kwenye ubeti huo na si ule uliotangulia. Mimi taarab siiwezi nikiwa kazini, mteja akiniita mara moja tu uzi wa shairi umekatika. Naisikiliza usiku, na ubeti nisiouelewa naurudisha. Ukitaka mlango rahisi, anza na Juma Bhalo wa Mombasa, ana tuni zenye ladha ya filamu za Kihindi ambazo sikio linazishika upesi. Zein l'Abdin, mpiga udi wa Lamu, mwache mpaka utulie. Kwangu mimi yeye ndiye bora kuliko wote pwani hii, ila hakimbizwi.

Muziki wa okestra nitaugusa tu. Upo hapahapa, Nairobi Orchestra ilianzishwa 1947, na watoto wa mtaa wa mabanda wa Korogocho wanapiga fidla na tarumbeta katika mpango wa muziki wa Ghetto Classics tangu 2008. Nenda uwaone wakipiga, usianze na simu. Ukiona mikono ya wapigaji unajua tuni imehamia kwa nani.

Na hapo kwenye simu ndipo nina neno la mwisho, kwa sababu umesema unasikiliza kwa spika ya simu kwenye meza ya jikoni. Spika ndogo namna hiyo haiwezi kutoa sauti za chini. Gengetone huponea kwa sababu maneno na makofi viko juu. Lakini rumba na benga zikikosa besi, nusu ya bendi haipo chumbani, na unachokisikia ni magitaa membamba yanayolia bila msingi. Hata mimi ningeruka. Azima spika yenye besi ya kweli, au vaa spika za masikioni zilizo nzuri kidogo, na kwa kuwa sikio lako limezoea besi ya amapiano, anza na Les Wanyika, bendi hiyo moja tu, wiki nzima, kila wimbo hadi mwisho. Ukishaikamata besi ya Malanga rudi hapa uniambie, nikupangie nyimbo za benga kwa mpangilio ule mzee wangu alioanza nao kunifundisha.