Mjomba, karatasi ya babu kweli ina miaka 1,800?

SWALI: Shikamoo mjomba, naandika kutoka Bagamoyo, Dunda. Babu yetu alifanya kazi na Wachina enzi za kujenga TAZARA, alivyorudi akaja na likaratasi leusi refu lina maandishi meupe ya Kichina, limeviringishwa tu juu ya kabati miaka yote. Juzi Mchina mmoja anayeuza vifaa vya simu kanisomea, kasema ni maneno ya jiwe la Cao Quan, jiwe la kumsifu ofisa mmoja wa China ya kale, la mwaka 185. Sasa kuna mtu anasema basi karatasi ina miaka 1,800 na ushee, nimpe laki tatu anitafutie mnunuzi. Nimpe?

JIBU: Marahaba mwanangu, usimpe hata mia. Huyo kachanganya umri wa jiwe na umri wa karatasi, na hapo ndo watu wengi wanapoliwa.

Utotoni si uliwahi kuweka shilingi chini ya karatasi ukasugua penseli, kichwa kikatokea? Ndo hivyohivyo, ila Wachina wanalowesha karatasi nyembamba, wanaibandika kwenye jiwe, wanaigongagonga na brashi mpaka inazama ndani ya herufi, ikikaribia kukauka wanapiga wino na kibunda cha kitambaa. Palipochongwa wino haufiki, panabaki peupe. Kwa hiyo jiwe moja linaweza kutoa karatasi leo, na lilishatoa nyingine miaka 300 nyuma, na zote zina maneno yaleyale na mwaka uleule 185.

Halafu jiwe la Cao Quan lenyewe lilikuwa limefukiwa ardhini, limekuja kufukuliwa Heyang, mkoa wa Shaanxi, wakati wa mfalme Wanli, yaani kati ya 1573 na 1620, na hakuna nakala inayojulikana ya kabla ya hapo. Hata nakala ya wino kongwe kuliko zote zilizobaki duniani, ya maneno ya mfalme Taizong wa China kuhusu chemchemi ya maji moto, ina tarehe ya mwaka 653, iko maktaba ya taifa kule Paris. Sasa ya kabatini iwe ya mwaka 185, inawezekanaje?

Umri wa karatasi unasomwa kwenye majeraha ya jiwe, na hapa mimi ndo napapenda kuliko pote. Chukulia picha mbili za babu, moja ana meno yote, nyingine ana pengo, utajua tu ipi ilitangulia. Jiwe hili baada ya kufukuliwa likapata ufa, herufi zikaanza kuumia moja moja, na Wachina wameziandika zote kwa mpangilio. Nakala za mwanzo kabisa herufi ya yin (因) ni nzima, hizo ni chache mno. Baadaye ikaja zamu ya qian (乾), upande wake wa kushoto una kisanduku kama dirisha, jiwe likachubuka hapo mkwaruzo ukapenya katikati mpaka upande ule ukafanana na herufi ya Kichina ya mkokoteni (車). Rudi kwa yule ndugu wa vifaa vya simu akuonyeshe hizo herufi mbili tu, utajua uko upande gani wa pengo.

Ila angalia vizuri, maana wajanja wanaziba pengo. Jeraha la jiwe linatoka kama doa jeupe, mtu anapaka wino kwa brashi juu ya doa, herufi inaonekana nzima na bei inapanda. Kuna na mawe ya kopi, jiwe hili wamelichonga upya mara nyingi sana, hapo hata karatasi ya zamani inakuwa imetoka kwenye jiwe feki. Na kama haijabandikwa kwenye karatasi nyingine igeuze nyuma, umulike tochi ya simu kutokea ubavuni, ya mkono itakuwa na vinundu herufi zilipozama, iliyochapwa na mashine ni bapa tu.

Mimi kwa hiyo stori yako nadhani ni ya karne ya 20, zawadi ya kazini, na bado ni mali ya kutunza. Usiipige pasi wala laminesheni, usiibandike selotepu. Chumvi ya Bagamoyo na mende watakumalizia, ifunge kwenye shuka safi la pamba, uitoe hapo juu ya kabati chini ya bati.

SWALI: Mjomba, niko Tanga, naweza kubandika karatasi na kupiga wino hivyo kwenye makaburi ya kale ya Tongoni nipate nakshi zake?

JIBU: Hapana mwanangu, nakuomba sana. Yale ni matumbawe na chokaa, yanakunywa maji na wino kama sifongo, ukigonga brashi yanamomonyoka, na yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Nenda jioni jua likiwa limelala kule barabara ya Pangani, upige picha mwanga ukitokea pembeni, nakshi zote zitatokea zenyewe.