Presha ya Kebini Ikipotea Karibu na Kilimanjaro

Rubani mgeni anayeanza kurusha jeti ndogo za kukodi kutoka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, huja na sentensi aliyoikariri chuoni: presha ikipotea, shuka futi 10,000. Kwa huku sentensi hiyo ina mkia. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ina futi 19,341, Mlima Meru karibu 15,000. Ukishuka kwa mazoea ndani ya wingu, utakutana na mwamba kabla ya hewa nzito.

Ila kabla ya mlima kuna maski ya oksijeni. Futi 41,000 una sekunde 15 hivi za akili timamu, na presha ikitoka kwa kishindo hupungua hata nusu. Usianze kuchunguza geji. Vaa kwa mkono mmoja ndani ya sekunde 5, weka oksijeni asilimia 100, hamishia maikrofoni kwenye maski, kisha mwite mwenzako mpaka aitike. Hapo kwenye maikrofoni ndipo wengi hukwama: wote wamevaa, kila mmoja anaongea peke yake. Na ndevu huvujisha; nyoa.

Kisha teremka: injini nguvu ya chini kabisa, breki za mabawa zifunguke, pua chini hadi kasi ya mwisho ya kitabu. Ukihisi bodi imepasuka, usiongeze kasi. Kimo cha kusimamia ni kile kikubwa kati ya futi 10,000 na kimo salama cha chati, yaani ramani ya rubani. Kibo peke yake, ukiiongezea futi 2,000, ni futi 21,341. Simama huko maski ikiwa usoni, geukia kusini kwenye mbuga za Simanjiro, ndipo uendelee kushuka kadiri chati inavyokuruhusu. Weka namba ya dharura 7700 kwenye transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada, ita Mayday mara tatu, na utaje unageukia wapi, maana chini yako huenda kuna ndege nyingine.

Maski za abiria hudondoka kimo cha kebini, yaani kimo ambacho hewa ya nje ni nyepesi kama ya ndani, kikifika karibu futi 14,000, chini kidogo ya kambi ya Kibo Hut. Mtalii aliyeshuka kilele cha Uhuru jana atakwambia amezoea. Yeye alipanda kwa siku kadhaa. Huku amepandishwa kwa sekunde.

Uvujaji wa polepole ni mbaya zaidi, kwa sababu kukosa oksijeni humfanya mtu ajione yuko sawa. Ndege ya shirika la Helios mwaka 2005 iliruka huku swichi ya presha ikiwa imeachwa kwenye manyuo, yaani ya kuendeshwa kwa mkono. Kengele ikalia, ikadhaniwa ni ya kitu kingine. Watu 121 walikufa. Ukiwa unapanda, soma kimo cha kebini kwa sauti, na kengele ikilia juu ya futi 10,000, maski kwanza, ubishi baadaye.

Asubuhi, jaribu maski yako mwenyewe. Bonyeza, shikilia sekunde kadhaa, macho kwenye geji ya mtungi. Mshale ukishuka haraka, huenda valvu ya mtungi imefungwa; ile "fsss" uliyoisikia ni hewa iliyobaki kwenye bomba. Mwite fundi kabla wageni hawajashuka kwenye Land Cruiser.