Re: Wateja wanasema tatizo ladha, nitumie ile michoro ya wino?

Mambo mkuu. Umesema akinamama uliowahoji kuhusu viungo vya pilau vya paketi wote wanakujibu "ladha siyo", ukiwaonjesha bila kuwaambia hawaoni tofauti, sasa unauliza kama uwape michoro ya Rorschach, yale madoa ya wino ambayo mtu anaambiwa aseme anaona nini. Achana nayo, ile ni ya kliniki, haitakwambia kitu kuhusu paketi.

Kwanza angalia swali lako linamgusa nani, maana ukimuuliza mtu "wewe mbona hununui" lazima ajilinde. Muulize kuhusu mtu mwingine. Mwanasaikolojia Mason Haire alifanya hivyo Marekani, akachapisha 1950: orodha mbili za manunuzi, nyama ya kusaga, mikate, karoti, viazi, vyote sawa, ila moja ina Nescafé ya kuyeyusha na nyingine kahawa ya Maxwell House ya kuchemsha. Wanawake 50 wakapewa hii, 50 ile, waeleze huyo mnunuzi ni mtu wa aina gani. Karibu nusu wakamwita wa Nescafé mvivu, yule mwingine 4% tu! Na kwenye mahojiano ya kawaida watu walikuwa wanasema ladha, kama hao wako kabisa.

Kwa hiyo andika orodha zako mbili, badilisha kitu kimoja tu, kila mtu aone moja na asijue kuna ya pili. Usiwape maneno ya kuchagua, waache waongee, hapo ndo utasikia "huyu mumewe anakula mgahawani". Anayepanga majibu asijue yametoka orodha ipi. Ila hii inakuonyesha sura ya bidhaa kichwani mwa watu, idadi ya watakaonunua kaipime dukani.