Sobers hakuanza kama mpigaji
Kaka, watu wanadhani Garfield Sobers, yule nyota wa kriketi, aliitwa West Indies (timu ya visiwa vya Karibi) sababu ya kupiga mpira kwa gongo. Hapana, aliitwa kurusha mpira. Machi 1954 pale Sabina Park, Jamaika, dhidi ya Uingereza, dogo wa Barbados ana miaka 17 tu, mrushaji Alf Valentine kaumwa ndo Sobers akapata nafasi, akaangusha wiketi 4 (yaani akatoa wapigaji wanne) kwenye ining'i ya kwanza, yaani zamu ya kwanza ya Uingereza kupiga, na kwenye kupiga wakamweka namba 9, karibu na mwisho kati ya wachezaji 11! Afu karibu miaka minne anacheza testi (mechi za kimataifa za siku kadhaa) bila senchuri (rani, yaani pointi, 100 kwenye zamu moja) hata moja, hiyo watu wanaisahau sana. Ya kwanza ikaja 1958, hapohapo Sabina Park dhidi ya Pakistan: rani 365 bila kutolewa, rekodi ya dunia ya testi kwa zamu moja, akampita Len Hutton wa Uingereza aliyekuwa na 364, na ikakaa mpaka Brian Lara, naye wa West Indies, alipoivunja 1994.