Glavu za ngumi: aunsi 10 au 14 kwa anayeanza?

Mdogo wangu, umesema una kilo 68, unaanza mazoezi Mwanakwerekwe, na fedha yako inatosha jozi moja tu: za kamba za aunsi 10 au za mkanda wa kunata za aunsi 14 (aunsi ni kipimo cha uzito wa glavu). Chukua za 14. Hizo za 10 ni za ulingoni, sponji yake nyembamba. Ukizipigia begi la mazoezi ya ngumi kila siku utaumiza vifundo, na wenzako watakukimbia. Siku ya kupigana na mwenzako walimu wengi hutaka aunsi 16, lakini hilo baadaye. Kamba nazo zinataka mtu wa kukufunga. Ukiwa peke yako utafunga kwa meno?

Ngumi zilikuwa marufuku Zanzibar kwa miaka mingi, zikaruhusiwa tena mwaka 2022, na wauzaji wengine bado wageni, kwa hiyo usishangae muuzaji akikwambia "zote sawa tu". Jaribu mwenyewe, tena ukiwa umefunga mikononi bendeji za ngumi, maana ndivyo utakavyozivaa. Kunja ngumi, kisha mwenzako abonyeze kwa nguvu juu ya vifundo. Ukihisi kidole chake kimegusa mfupa, rudisha. Mtumba sikatazi, ila nusa ndani kwanza.

Ngozi halisi hudumu, lakini kwa unyevu wetu ukiisahau mkobani inashika ukungu. Ya bandia inakutosha kwa sasa. Ukitoka mazoezini ipanue mdomo, itie magazeti makavu, iweke kivulini penye upepo. Usiianike juani, itakakamaa.